Mgonjwa na Ajifunze Kuutunza Ugonjwa Wake
Somo juu ya magonjwa ya kudumu, na hasa kisukari

Wazee wetu walisema, Mgonjwa haulizwi uji. Maana yake yajulikana: mtu aliyelala kwa homa hana nguvu za kuchagua, basi wanaomwuguza na wampe lile litakalomfaa, pasipo kungoja aseme. Kwa magonjwa yajayo na kupita neno hilo latosha. Mgonjwa hulala, wengine humtunza, mganga wa hospitali hutoa dawa. Siku zikipita huinuka na kushika jembe lake tena.

Lakini yako magonjwa ya namna nyingine, ambayo yakiisha kuingia kwa kawaida hukaa miaka mingi, au maisha yote. Ndiyo kisukari, shinikizo la damu, pumu, kifafa, na ugonjwa wa UKIMWI. Mwenye ugonjwa wa namna hii halali kitandani. Yuko shambani, sokoni, shuleni, safarini. Tena na tuhesabu kidogo. Mwaka mmoja una saa 8,760. Mgonjwa akienda hospitali kila mwezi, na kila mara akakaa na mganga robo saa, kwa mwaka mzima amekuwa naye saa 3 tu. Saa 8,757 zilizobaki ni nani anayeuangalia ugonjwa? Ni yeye mwenyewe. Akiwa hajui, ugonjwa hauna mwangalizi.

Basi neno tunalotaka kulifundisha katika somo hili ni hili: kwa ugonjwa wa kudumu, mgonjwa hana budi kuulizwa uji, tena hana budi kufundishwa hata ajue kujibu. Mafundisho hayo si nyongeza ya dawa. Ni sehemu ya dawa yenyewe. Tutatumia kisukari kuwa mfano, kwa maana katika ugonjwa huu jambo hili laonekana wazi kuliko katika mengine.

I. Ugonjwa wenyewe

Chakula tulacho, hasa ugali, wali, ndizi, mihogo na viazi, hugeuka kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Damu huichukua mwilini mwote, iwe kama kuni za kuwasha moto wa kazi. Lakini sukari haiwezi kuingia vizuri katika nyama ya mwili ila ifunguliwe mlango, na ufunguo wake ni kitu kitokacho katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kitu hicho huitwa insulini.

Kwa watu wengine, mara nyingi watoto na vijana, kongosho huacha kutoa insulini. Hiki ni kisukari cha namna ya kwanza, na mwenye nacho hawezi kuishi pasipo sindano za insulini. Kwa wengine, nao ndio walio wengi zaidi, insulini ingaliko, lakini haitoshi, au mwili hauitii. Hiki ni cha namna ya pili. Hutunzwa kwa chakula cha kiasi, kazi za mwili, na vidonge, na baadaye pengine kwa sindano pia.

Sukari isipopata mahali pa kwenda hujaa katika damu. Mtu huona kiu sana, hukojoa mara nyingi, hukonda, huchoka. Hali hiyo ikiendelea miaka mingi, mishipa huharibika pole pole: macho hufifia, figo hushindwa, moyo hudhoofika, na nyayo huingia ganzi. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba madhara hayo huja kimya kimya, na mtu aweza kujiona mzima hata siku ile yanapodhihirika.

Wala mtu asidhani ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri wa mjini. Wachunguzi waliopima watu wa vijiji vya Tanzania, na kutangaza habari zao mwaka 1989, waliukuta kwa mtu kama 1 katika 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, wa watu wenye miaka 25 hata 64, uliwakuta watu kama 9 katika 100. Njia za kupima hazikuwa sawasawa kabisa, lakini tofauti ni kubwa, na kila mmoja wetu aweza kuhesabu majirani zake akaona kwamba jambo hili limekwisha kufika mlangoni.

II. Jinsi ujuzi ulivyofika mikononi mwa mgonjwa

Hapo zamani mtoto aliyepata kisukari cha namna ya kwanza alikufa tu. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini katika kongosho za wanyama, na wenzao J. J. R. Macleod na James Collip wakashiriki kazi hiyo. Mwezi wa Januari 1922 walimchoma sindano kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa. Dawa ya kwanza haikuwa safi. Lakini baada ya siku chache walimpa nyingine iliyosafishwa vizuri zaidi, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Hapo ndipo lilipozuka swali jipya. Sindano ilipasa kuchomwa kila siku, tena zaidi ya mara moja, na kipimo chake kilitegemea chakula na kazi ya siku ile. Ni mganga gani awezaye kukaa nyumbani mwa kila mgonjwa? Elliott Joslin, mganga wa mji wa Boston nchini Marekani, alikwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1918, kabla ya insulini kupatikana, alitoa kitabu juu ya kisukari kilichoandikwa kwa ajili ya waganga na wagonjwa pamoja. Insulini ilipopatikana, aliwaweka wauguzi wawe waalimu, wawafundishe wagonjwa kupima chakula, kupima mkojo, na kujichoma wenyewe. Yeye aliona kwamba mgonjwa mwenye kujua mengi ndiye aishiye siku nyingi.

Huko Uingereza alikuwako mganga mwingine, Robin Lawrence, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kisukari. Alikuwa amekwenda Italia, katika mji wa Florence, akiwa amekata tamaa ya kuishi. Mwaka 1923 rafiki yake alimpelekea habari ya simu kwamba insulini imepatikana, na kwamba arudi upesi. Alirudi London akiwa dhaifu sana, akachomwa, akapona hatari ile. Akaishi hata mwaka 1968, akiwatibu wengine na kuwafundisha yale aliyoyajua katika mwili wake. Mwaka 1934 yeye na mwandishi H. G. Wells, aliyekuwa na ugonjwa huo huo, walianzisha chama cha wenye kisukari, ili wagonjwa wasaidiane na kujitetea.

Mtu wa tatu tunayetaka kumtaja hakuwa mganga hata kidogo alipoanza. Richard Bernstein wa Marekani alikuwa mhandisi, naye alikuwa na kisukari tangu miaka 12. Siku zile wagonjwa walipima sukari katika mkojo, nao mkojo huonyesha mambo ya saa zilizopita, si ya sasa. Mwaka 1969 alipata habari ya mashine ipimayo sukari ya damu kwa tone moja. Mashine hiyo ilikuwa kwa matumizi ya hospitali na waganga. Yeye akaipata kwa jina la mkewe, aliyekuwa mganga. Akaanza kujipima mara kadha wa kadha kila siku, akaandika, akalinganisha, akageuza chakula chake na sindano zake kidogo kidogo, hata sukari yake ikatulia. Alipojaribu kuwaeleza waganga, wengi hawakukubali kwamba mgonjwa aweza kujipima mwenyewe. Basi akaingia chuo cha uganga akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, akawa mganga. Hivi leo jambo lile walilolikataa ni desturi ya dunia nzima.

Tena jambo hili limejaribiwa kwa uangalifu. Huko Marekani na Kanada watu 1,441 wenye kisukari cha namna ya kwanza waliangaliwa miaka mingi, tangu 1983 hata 1993. Nusu yao walitunzwa kwa desturi ya siku zile. Nusu walifundishwa kujipima mara nyingi kila siku na kugeuza sindano zao kwa kufuata vipimo. Katika hao wa pili ugonjwa wa macho ulipungua kwa sehemu 76 katika 100, na wa mishipa ya fahamu kwa sehemu 60. Lakini wao walipatwa pia mara nyingi zaidi na hatari ya sukari kushuka mno. Ndiyo maana tunasema ujuzi ni lazima: atakaye kushika usukani wa chombo na ajue kwanza palipo na miamba.

III. Mambo anayopaswa kujifunza

1. Kupima na kuandika. Kipimo pasipo maandishi ni kama hesabu iliyoandikwa juu ya maji. Mgonjwa na awe na daftari, aandike siku, saa, kipimo, alichokula, na kazi aliyoifanya. Na tuseme yuko mama mmoja anayejichoma insulini, naye huuza ndizi sokoni siku mbili kila juma. Akitazama daftari lake aona kwamba siku za soko, karibu na saa sita, sukari yake ni ndogo sana, na mwili hutetemeka. Kwa nini? Asubuhi hujichoma kipimo kile kile cha siku zote, lakini siku hizo hutembea mwendo mrefu na mzigo kichwani, naye hachelei kukaa na njaa. Basi aenda hospitali na daftari lake, si kusema, "Dawa hii ni mbaya," bali kusema, "Siku za soko nashuka, nifanyeje?" Mganga apata jambo la kushika, nao wawili hupatana juu ya kipimo cha siku za soko na chakula cha njiani. Mama huyo ameulizwa uji, naye amejua kujibu.

2. Kula kwa kiasi. Hakuna chakula cha ajabu kiondoacho kisukari. Jambo kubwa ni kiasi. Wengi hufundishwa kuigawa sahani: nusu iwe mboga za majani, robo iwe ugali au wali au ndizi, na robo iwe maharage, samaki au nyama. Ugali wa dona wafaa kuliko wa sembe, lakini mlima wa dona ni mlima vile vile. Soda, chai ya sukari na maji ya matunda huipandisha sukari upesi. Asali nayo ni sukari, ingawa yatoka msituni. Wala si lazima mgonjwa apikiwe chungu chake peke yake. Chakula kimfaacho yeye chawafaa wote wa nyumba, na nyumba nzima ikila hivyo, yeye haoni upweke.

3. Kutambua sukari ishukapo. Hatari hii huwapata hasa watumiao insulini, na watumiao vidonge vya namna fulani. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafula, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, na kuchanganyikiwa. Wengine humdhania mtu wa namna hii kuwa amelewa, wakamwacha njiani. Kipimo kikiwa chini ya 4, kwa hesabu ya mashine nyingi za kwetu, au dalili zikiwapo na mashine haipo, na anywe mara moja maji yenye sukari vijiko vidogo 3, au nusu bilauri ya soda ya sukari. Baada ya dakika 15 apime tena. Akiwa bado yu chini arudie. Kisha ale chakula. Akiwa amezimia, mtu asimtilie kitu kinywani, maana kitaingia mapafuni. Na alazwe kwa ubavu, akapelekwe hospitali upesi. Mwenye kuchoma insulini asitoke nyumbani bila sukari kidogo mfukoni.

4. Siku za homa. Hapa wengi wamepotea. Mtu huugua malaria, hawezi kula, akafikiri, "Kwa kuwa sili, nisichome." Kwa mwenye kisukari cha namna ya kwanza kosa hili huua, kwa maana wakati wa homa sukari hupanda hata asipokula, na pasipo insulini damu huchafuka. Asiiache insulini kabisa. Na anywe maji mengi, ajipime mara kwa mara, aulize kipimo. Akitapika bila kukoma, au akipumua kwa nguvu na haraka, au pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, asingoje asubuhi. Aende hospitali usiku ule ule. Mwenye vidonge naye na aulize mapema, angali mzima, maana viko vidonge ambavyo huagizwa visimamishwe mtu atapikapo.

5. Miguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili hakuna mahali linapofaa kuliko katika mguu wa mwenye kisukari. Mguu wenye ganzi hauna mlinzi. Mwiba huingia, kiatu huchubua, kaa la moto huunguza, na mwenyewe hana habari hata kidonda kinuke. Waganga wa Dar es Salaam, katika mwaka 2005, waliandika habari za wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wasihisi. Basi kila jioni na atazame nyayo zake na kati ya vidole, na asipoweza kuinama atumie kioo, au mtoto amtazamie. Aoshe na kukausha. Maji ya moto ayajaribu kwa kiwiko, si kwa mguu. Asitembee peku, hata uani. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Asiote moto kwa nyayo. Usiku afunike miguu na kuchomeka chandarua vizuri. Akiona lengelenge au jeraha, hata dogo kama punje ya mtama, aende hospitali siku ile.

6. Kuitunza insulini. Insulini huharibika kwa jua kali, na ikiganda kwa baridi haifai tena. Chupa zisizofunguliwa hukaa vizuri katika baridi ya digrii 2 hata 8. Asiye na friji aweza kutumia chungu ndani ya chungu, na katikati mchanga uliolowa, kikiwekwa kivulini penye upepo: maji yakikauka huchukua joto, na ndani hubaki poa. Wachunguzi walipima joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya, kisha wakaijaribu insulini katika joto la namna ile ile, lipandalo na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Mwaka 2021 walitangaza kwamba baada ya majuma 4 nguvu yake ilikuwa ingaliko. Habari hii ni faraja kwa watu wa vijijini; hata hivyo kila mtu na afuate agizo alilopewa pamoja na dawa yake.

IV. Jinsi mtu anavyojifunza

Pengine mwalimu husema, "Nimemwambia yote, naye hafanyi." Lakini kuambiwa si kujifunza. Mtoto hajifunzi kulima kwa kusikia habari za jembe. Yako mambo matatu yamsaidiayo mtu mzima kujifunza kuutunza ugonjwa wake.

La kwanza, hatua ndogo. Mgonjwa aliyepewa amri kumi kwa siku moja hushika mbili, akaona haya, asirudi. Ni afadhali achague mwenyewe jambo moja kwa juma hili, dogo na dhahiri: si "nitatembea sana," bali "nitatembea nusu saa, siku ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, jioni." Juma likiisha na atazame: limewezekana? Kama halikuwezekana, ni kitu gani kilichozuia, nacho chaweza kuzungukwa namna gani? Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, wenzake. Katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mwuguzi na mwalimu Kate Lorig, tangu mwisho wa miaka ya 1970, alianza mafundisho ya wenye ugonjwa wa viungo. Mafundisho hayo ni ya majuma 6, mara moja kwa juma. Waongozaji hawakuwa waganga, bali watu wa kawaida, wengi wao wagonjwa vile vile, waliofundishwa kazi hiyo. Baadaye yalipanuliwa kwa magonjwa mengine ya kudumu, yakaenea nchi nyingi. Mgonjwa akimwona mwenziwe mwenye ugonjwa ule ule akilima, akicheka, akilea watoto, huamini lile ambalo maneno ya mganga hayakuweza kumwaminisha.

La tatu, moyo wa kuthubutu. Lorig na wenzake walipochunguza ni kwa nini wengine waliendelea vizuri, waliona kwamba haikuwa tu kwa sababu ya kufanya mazoezi yaliyoagizwa. Waliopata nafuu zaidi ni wale waliopata kuamini kwamba wao wenyewe waweza kufanya jambo juu ya ugonjwa wao. Basi mwalimu amkaripiaye mgonjwa na kumwaibisha amemnyang'anya kitu kile kile alichokuja kukitafuta.

V. Vizuizi, na wajibu wetu sisi jirani

Kizuizi kimoja ni aibu. Mficha maradhi, kifo humfichua. Msichana huacha sindano asionwe na wenziwe wa bweni; mzee hula keki arusini asiulizwe kwa nini hali. Tusimshurutishe mgeni kwa chakula. Akisema, "Yatosha," na yatoshe.

Kizuizi cha pili ni gharama. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutojipima ikiwa vijikaratasi vya kupimia vyashinda mapato yake. Wale waliogundua insulini waliiachilia haki yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mtu, wakitaka dawa iwafikie wote. Lakini hata hivi leo wako wengi wasioipata. Mafundisho hayawezi kushika mahali pa dawa. Bali wagonjwa wa mtaa mmoja waweza kushirikiana mashine moja, kila mtu na sindano yake ya kuchomea kidole, wakaenda kliniki pamoja, na wakasema kwa sauti moja dawa zikikosekana. Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, ni mahali pa kuuliza habari.

Kizuizi cha tatu ni ahadi ya kuponywa mara moja. Wako wauzao mizizi wakisema, "Acha sindano, kunywa hii." Wako na wengine wasemao kwamba kuchoma dawa baada ya kuombewa ni kukosa imani. Waalimu wa sharika wasikubali neno hili lisemwe bila kujibiwa. Tunamwombea mkulima, naye hulima. Tunamwombea msafiri, naye huangalia njia. Vivyo hivyo mgonjwa aombewe, naye achome sindano yake kwa saa yake. Ni hospitali tu iwezayo kumwambia, kwa kupima, kama dawa yapasa kupunguzwa.

Kizuizi cha nne ni kuchoka. Kazi hii haina sikukuu. Hata mwenye bidii hufika siku akasema, "Leo sitaki." Siku hiyo hahitaji hotuba. Ahitaji mtu wa kumpikia mboga, kumtazamia nyayo, kumwuliza, "Vipimo vyasemaje?" na kusikiliza jibu. Msaada wa namna hii haumwondolei kazi yake. Humpa nguvu ya kuishika tena kesho.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mtaa wetu ni akina nani wenye ugonjwa wa kudumu, na nani kati yao amekwisha kufundishwa, wala si kupewa dawa tu?
2. Tukimkuta mtu njiani ana jasho na maneno yake yamechanganyika, tufanye nini kwanza?
3. Kwa nini mwenye kisukari cha namna ya kwanza asiache insulini siku za homa?
4. Ni mgonjwa gani wa siku nyingi katika mtaa wetu awezaye kuwa mwalimu wa mwenziwe aliyeugua juzi?
5. Juma hili, kila mwenye ugonjwa wa kudumu achague jambo moja dogo, alitaje siku yake na saa yake, na juma lijalo atueleze limekwendaje.